Nyumba Moja, Wembe Mmoja

Iyula, Mbozi
17 Aprili 1983

Kaka Osea, shikamoo.

Kuna sauti moja hainiachi. Pa. Ni unyayo wangu wa kulia ukipiga sakafu ya darasa la tano. Jumatatu ya wiki iliyopita nilitoka ubaoni kwenda dirishani, nikasikia kisigino kikigusa chini, halafu kimya kidogo, halafu pa, kama mtu aliyeangusha kandambili. Niligeuka kumtafuta mtoto anayecheza. Watoto wote arobaini na nane walikuwa wanautazama mguu wangu.

Barua huanza kwa kusema mwandishi ni mzima. Sentensi hiyo nimeiandika mara mbili na mara mbili nimeikata.

Vidole vilianza Januari. Asubuhi vinakuwa vimekakamaa na kuvimba kwenye maungio, mikono yote miwili, siwezi kufunga vifungo. Mama ananifunga. Anasema, "Umerudi kuwa mtoto, bado kukubeba mgongoni tu." Anacheka, mimi nacheka, na wote wawili tunaangalia pembeni. Halafu magoti. Halafu homa ya jioni. Sasa kwenye miundi nimetokwa na madoa ya zambarau, madogo kama punje za ulezi. Hayo mama hajayaona, navaa soksi ndefu.

Tabibu wa zahanati amenipa klorokwini na aspirini. Kahawa inakaribia kuiva na mimi siwezi kuchuma hata debe moja.

Wewe unafanya kazi maabara, unaona damu za watu kila siku. Niambie huu ni ugonjwa gani. Usinifiche, kaka. Nina miaka ishirini na minne na usiku nauchapa mguu wangu kwa mkono ili uamke.

Mdogo wako,
Tusekile


Dar es Salaam
2 Mei 1983

Mdogo wangu Tusekile, marahaba.

Barua yako nimeisomea kwenye foleni ya sabuni, na foleni yenyewe ilikuwa ndefu kiasi kwamba niliisoma mara nne. Sabuni sikupata.

Wewe tangu shule ya msingi ulikuwa unakufa kila muhula. Unakumbuka saratani yako ya darasa la sita, ambayo ilikuwa jino? Nadhani hii ni baridi yabisi. Iyula kuna ukungu, na darasa lako halina vioo. Vaa sweta, endelea na aspirini baada ya kula, na mguu ufunge bandeji. Mwambie mama akukande kwa maji ya moto. Atafurahi, anapenda kukanda watu.

Wasalimie wote. Mwambie mdogo wetu Enesi kwamba nimesikia ana mimba ya pili, na safari hii tunataka mtoto afanane na sisi, si na ukoo wa mumewe.

Kaka yako,
Osea

Nilishafunga bahasha, nimeifungua tena. Hayo madoa, ukiyabonyeza kwa kidole yanapotea au yanabaki? Nijibu hilo haraka.


Iyula
19 Mei 1983

Kaka,

Yanabaki.

Na sasa yako mpaka mapajani, mengine yamechimbika na kuwa vidonda. Mkono wa kushoto nao umeanza, chaki inaanguka bila mimi kujua. Nimepungua hadi pete niliyoivaa tangu sekondari inavuka kifundo cha kidole yenyewe kila uvimbe unapopoa.

Nilifanya ulivyoagiza kwa simu ya maandishi. Nilikwenda Mbeya, rafiki yako wa maabara akanitoa damu. Chupa imo ndani ya thermosi hii yenye barafu anayokuletea Yahaya, yule dereva wa lori wa Tunduma ambaye mama anajifanya hajui kwa nini njia yake ya kwenda Dar hupita uani kwetu. Mama alipoiona thermosi alisema, "Umempelekea Osea uji? Utachacha." 

Lakini kuna jambo jingine. Baba mkubwa Asajile ameita ukoo. Anasema ugonjwa unaokula mikono na miguu ya mtu aliyesoma haukuja wenyewe, na kwamba nyumba nzima lazima ichanjwe. Amekwenda Igamba kumtafuta mganga. Enesi amerudishwa kwetu kwa sababu hiyo, na tumbo lake, na Anastazia wake wa miaka mitatu. Huyo mtoto ananiiga ninavyotembea. Anavuta mguu kutoka jikoni mpaka mlangoni, halafu ananitazama kama nitampigia makofi. Nampigia.

Siogopi chale za mganga. Naogopa majibu yako.

Tusekile


Dar es Salaam
20 Juni 1983

Mpendwa Tusekile,

Nimeipima damu yako mwenyewe, siku mbili tofauti, kwa sababu mara ya kwanza sikutaka kuamini. Karatasi ya majibu, yenye mhuri na sahihi yangu, nimeiweka ndani ya bahasha hii.

Una kirusi cha homa ya ini, kile cha aina ya B. Alama yake kwenye damu huku tunaiita antijeni ya Australia, kwa vile iligunduliwa kwanza kwenye damu ya mtu wa huko. Usicheke. Wewe hujaumwa manjano, ini lako halijakusumbua, ndiyo maana hakuna aliyelifikiria. Nilimpelekea daktari wetu barua zako. Alisema kirusi hicho kinaweza kukaa ndani ya mtu miaka na miaka kimya. Mwili unapigana nacho bila kukishinda, na takataka za vita hiyo zinanasa kwenye maungio na kwenye kuta za mishipa ya damu. Maungio yanavimba. Mishipa inavimba na kuziba, na neva inayokosa damu inakufa. Mguu wako ndivyo ulivyoanguka. Mwili wako unajipiga wenyewe, Tusekile, ukidhani unampiga mgeni.

Kuna vidonge vya prednisoloni. Nimepata vya wiki sita, Yahaya anavyo. Kunywa kama nilivyoandika kwenye pakiti wala usiache ghafla.

Sasa nisikilize. Kirusi hiki kinapita kwa damu. Nimekuwa nikiwaza ulikipata wapi. Unakumbuka msiba wa babu, mwaka sitini na nne? Wewe ulikuwa na miaka mitano, mimi minane. Tulikatwa wote kwa wembe mmoja, kuanzia kwa shangazi aliyekuwa na macho ya njano. Mtu mzima akikipata, mara nyingi mwili wake hukifukuza. Mtoto mdogo hubaki nacho maisha. Kwa hiyo wembe huo usipite tena kutoka kwako kwenda kwa Anastazia. Wala kwa Enesi mwenye mimba. Waambie ukweli, ni watu wazima, wataelewa.

Na usihangaike juu yangu. Nimejipima. Mimi sina.

Osea


Iyula
10 Julai 1983

Kaka Osea,

Nimewaambia. Nakuandikia walivyosema, usije ukadhani sikujaribu.

Ilikuwa baada ya ibada, wote tumekaa uani. Nikasema, "Baba mkubwa, ugonjwa wangu umepimwa Dar es Salaam. Uko kwenye damu."

"Kwenye damu?"

"Ndiyo, baba."

"Na damu hiyo uliitoa wapi? Uliinunua duka la kaya?"

Watu wakacheka, hata mama. Baba mkubwa hakucheka. Alinisogelea akanishika mkono huu uliovimba, akaushika taratibu sana, unajua alivyo. Akasema, "Kama uko kwenye damu yako, uko kwenye yetu. Ndiyo maana tunakatwa wote, mwanangu. Umesoma, ukazunguka mbali, umerudi palepale tulipo sisi."

 Kila neno nililotoa kwenye barua yako lilimpa nguvu yeye.

Nikajaribu njia nyingine. Yahaya aliniletea pakiti ya nyembe kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, amezificha ndani ya mfuko wa unga, maana siku hizi ukikutwa na sabuni tatu tu unaitwa mhujumu uchumi. Nikaziweka tisa mbele ya mganga. Watu tisa, nyembe tisa. Ni mzee mpole, ana kikohozi, angeweza kuwa mwalimu mkuu. Alizihesabu akanirudishia.

"Nyumba hii ina milango tisa?"

"Hapana, mzee."

"Wembe unapotoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine ndipo unapowafunga pamoja. Nikimpa kila mtu wake, nitakuwa nimetibu watu tisa wasiojuana."

Nikamwomba basi aupitishe kwenye moto. Akasema moto unaua dawa. Balozi wa nyumba kumi alikuwepo, nikadhani yeye ataingilia. Aliuliza nyembe zimetoka wapi, halafu akanisogelea sikioni. "Mwalimu, kama hazina kazi nipe mbili. Ndevu zangu ni za mbuzi tangu Machi." Nilimpa. Nilikwenda pia kwa katibu kata. Alisema mambo ya ukoo hayaandikwi kwenye faili.

Siku ni Jumamosi, tarehe 30. Mgonjwa ndiye huanza kukatwa, kisha wakubwa, kisha wadogo. Maana yake mimi wa kwanza na Anastazia wa mwisho.

Kukataa siwezi. Anayekataa wembe wanamshika na kumkata kwa nguvu, na tangu hapo anatazamwa. Nimemuuliza mganga kama kuna lolote linalozuia nyumba isikatwe. Akasema ni moja tu. Aliyeleta ugonjwa akijitaja mwenyewe, anakatwa peke yake na kuondoka, na wengine hawaguswi. "Lakini hao hawajitaji," akasema, akakohoa.

Nikimtorosha Enesi na mtoto, mumewe ndiye atakayewarudisha. Nimemweleza Enesi kila kitu, jikoni, polepole. Alinisikiliza mpaka mwisho akasema, "Dada, kwa hiyo hutaki tupone na wewe?" Alikuwa analia.

Vidonge vimesaidia. Uvimbe umepungua, na kwa mama hiyo ni dalili kwamba mganga ameshaanza kazi akiwa mbali.

Niambie niseme nini. Nina siku ishirini. Andika, kaka, andika upesi.

Tusekile


Dar es Salaam
27 Julai 1983

Tusekile mdogo wangu,

Barua yako ya tarehe 10 nimeipata leo. Lori la Yahaya lilikaa Makambako wiki mbili bila dizeli, mwishowe akampa barua dereva wa basi, yeye akageuza kurudi. Leo ni Jumatano, na kufika Jumamosi zimebaki siku tatu tu. Nimejaribu simu ya upepo ya misheni, hawapokei. Hii inapanda na kondakta wa treni ninayemfahamu, aishushe Vwawa.

Nilikudanganya. Nilijipima siku ileile niliyokupima wewe, kwa dawa ileile. Ninacho. Sina uvimbe, sina doa, napanda ngazi za hospitali mbili mbili, na ninacho. Nilikaa kwenye stuli mpaka wenzangu walipofunga madirisha. Nikaona nikikuambia utabeba na wangu, na wewe hubebi nusu ya kitu, unabeba chote.

Sasa nimeona uwongo wangu ulivyokuacha peke yako mbele yao. Ulikuwa unasema "damu yangu" wakati ungeweza kusema "damu yetu, na Osea anajua." Nisamehe.

Nimepewa ruhusa kazini. Treni yangu inafika Vwawa Alhamisi, tarehe 4. Fanya lolote uwezalo siku isogezwe: zimia, sema uko kwenye siku zako, sema mganga aningoje mimi, mtoto wa kiume mkubwa. Nitasimama uani na kuwaambia kwamba ugonjwa huu hauna mwenyewe, kwamba hata mimi ninao na sikulogwa na mtu. Watanisikia. Nikishindwa kwa maneno nitamkalia mganga kifuani.

Usifanye jambo lolote kubwa peke yako. Ningoje.

Osea


Tunduma
31 Julai 1983

Kaka Osea, shikamoo.

Nakuandikia kutoka nyumbani kwa mama yake Yahaya, Bi Mwanaisha, nyuma ya soko. Kwako sijapata barua tangu ile iliyokuja na vidonge. Siulizi kwa nini. Najua ungeandika kama ungeweza.

Jana hawakukatwa. Nataka ulijue hilo kwanza, kabla hujafika kwenye mengine na kukasirika. Enesi hakukatwa. Anastazia hakukatwa, alikuwa ameshavuliwa gauni tayari, amesimama kwenye mstari, wa mwisho, anatafuna muwa.

Mganga alitandika ngozi, akaweka chungu cha dawa na wembe juu ya jani. Wembe ulikuwa mpya, ameununua kwa balozi. Nilikaa mbele kama mgonjwa. Baba mkubwa alishika kichwa changu kwa mikono miwili aniombee. Nikamwambia, "Baba, msiwakate. Ni mimi."

"Wewe ndiye mgonjwa, ndiyo."

"Ni mimi niliyeuleta."

Nilidhani itabidi nitunge mengi. Nilikuwa nimejiandaa siku nyingi kwa fisi na ungo na mambo ya makaburini, na nilikuwa naona aibu, kama mtu anayekwenda kwenye mtihani na majibu ya kuiba. Sikuhitaji. Waliniuliza, nikawajibu kwa maneno yako.

"Una nini?" Nikasema nina kitu ndani ya damu, kidogo, hakionekani kwa macho.

"Tangu lini?" Tangu nikiwa na miaka mitano.

"Nani alikupa?" Nikasema nilikipata kwenye msiba wa babu.

Hapo wanawake wote walishika vinywa. Baba mkubwa aliachia kichwa changu.

"Kinataka nini?" Nikasema hakitaki kitu, kinakaa tu, lakini damu yangu ikimgusa mtoto kitahamia kwake. Mganga akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mwalimu aliyesikia jibu sahihi kutoka kwa mwanafunzi asiyemtarajia. Kaka, sikusema hata neno moja la uwongo isipokuwa lile la kwanza.

Mama alisimama. Nilitaka anipige. Alikuja akanifunga kifungo cha juu cha blauzi, kimoja tu, akasema kwa Kinyiha kwamba mtoto wake alikufa Januari na hakuambiwa. Kisha akaingia ndani. Sikumwona tena.

Walinikata peke yangu, chale saba. Mganga aliuzika wembe mwenyewe na jiwe juu yake. Niliomba nione unavyozikwa, wakaona hilo nalo ni tabia ya wachawi. Baba mkubwa akaniambia jua la saa kumi lisinikute pale. Wachache walinirushia mawe nilipokuwa napita kwenye mibuni, watu wazima wawili na wanafunzi wangu. Walilenga mguu. Hawakunipata sana. Yahaya alikuwa barabarani na lori.

Bi Mwanaisha amenipokea bila kuuliza. Alisema, "Kama ni mchawi atakuwa wa kwanza ninayemjua asiyeweza kufungua kizibo cha chupa ya chai." Nimemweleza kuhusu damu yangu, na kwamba wembe wangu usitumiwe na mwingine, akanisikiliza vizuri zaidi kuliko ndugu zetu. Yahaya anataka kunioa bado. Nimemwambia apimwe kwanza, na anijibu akiwa mbali nami. Shuleni nimeacha barua ya kuacha kazi. Vidonge vimebaki vya siku tano, mkono wa kushoto haushiki tena kalamu, huu wa kulia ndio unaokuandikia na unaumwa. Daktari wako akisema hakuna dawa ya kukitoa, usinipambie maneno. Nilishaelewa siku nyingi kwamba ungekuwa nayo ungeiandika.

Najua ukimaliza barua hii utapanda treni. Nakuomba usinitetee. Ukiwaambia kwamba nilidanganya, mganga anarudi Igamba kuchukua wembe mwingine, na Anastazia atasimama tena kwenye mstari. Ukiwaambia kwamba ugonjwa huu hauna mwenyewe, watauliza basi mbona tusikatwe wote. Wewe ni mzima, umejipima, huna la kuwaeleza juu ya mwili wako. Kaa na uzima wako. Mkande mama miguu, kula atakachokupikia, na jina langu likitajwa nyamaza.

Nilijua kunyamaza kutakushinda. Kwa hiyo nimekufungia njia, na utanisamehe au hutanisamehe. Baba mkubwa alipouliza shahidi wangu ni nani, maana hakutaka kuamini kwa mdomo wangu peke yake, nilimpa ile karatasi ya majibu yenye mhuri na sahihi yako. Balozi aliisomea watu wote, mpaka ile Australia. Nikawaambia ni wewe uliyenigundua, kwa mashine, mara mbili.

Wameamini. Wamekuchinjia mbuzi, wanakusubiri ufike wakushukuru.

Mdogo wako,
Tusekile